Mtoto wa miaka minne, kilo 16 na nusu: busta au abaki kwenye mikanda mitano?

mama_nyegezi

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaovijua viti vya watoto vya kwenye gari.

Mtoto ni wa kiume, ametimiza miaka minne mwezi huu. Kwenye mizani ya kliniki ni kilo 16.5, urefu bila viatu sentimita 103. Gari ni Toyota IST. Siti ya nyuma, kulia na kushoto kuna mkanda wa pointi tatu, yaani wa bega na nyonga. Katikati ni wa nyonga peke yake. Kwa sasa anakaa kwenye kiti cha mikanda mitano, yaani chenye mikanda yake ya kumfunga mabegani, nyongani na katikati ya miguu, chenye lebo ya 9–18 kg, na kila anayemwona anasema kashakuwa mkubwa, atolewe humo. Siku za shule ni Nyegezi hadi mjini kupitia Mkuyuni na kurudi. Mara mbili kwa mwezi tunakwenda Sengerema, kwa kivuko cha Kamanga au kwa kuzunguka daraja la Kigongo–Busisi.

Nilichokiona mpaka sasa ni hiki. Kuna busta, yaani kikalio cha kumwinua mtoto ili afungwe mkanda wa gari, mpya isiyo na mgongo, ya plastiki yenye sponji juu, bei nafuu kuliko vyote. Kuna busta ya mtumba yenye mgongo na mikono, lebo ya rangi ya chungwa, 15–36 kg. Halafu kuna fundi wa siti anasema atanitengenezea ya mbao na sponji ya inchi nne, aivalishe ngozi ifanane na siti za gari.

Nichukue ipi, na kabla sijatoa hela nikague nini?

---

fundi_siti_igoma

Dada, hiyo ya mbao achana nayo kabla ya zote. Kazi ya sponji ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nikueleze kwa nini haifai.

Busta haipo ili mtoto aone nje. Ipo ili mkanda wa gari, ambao umepimwa kwa mwili wa mtu mzima, ukae mahali pake kwenye mwili mdogo. Kipande cha chini kilale juu ya mapaja na kushika mifupa ya nyonga. Kipande cha juu kipite katikati ya bega na katikati ya kifua. Sasa chukua sponji ya inchi nne, tuseme sentimita 10. Mtoto wa kilo 16 akikaa kawaida inabonyea kidogo tu. Gari likigonga, mwili wote unasukuma mbele na chini kwa nguvu ambayo ni uzito wake mara nyingi, na sponji inabaki kama chapati. Nyonga zinateleza chini ya mkanda na mkanda unapanda tumboni. Ubao nao ukivalishwa ngozi na kuwekwa juu ya siti kava ya ngozi hauna kinachouzuia kuchomoka mbele. Busta ya kiwandani ina gamba gumu lisilobonyea, na ina pembe au mikono ambayo mkanda wa nyonga unapita chini yake. Hiyo mikono si ya kuegemeza viwiko. Ndiyo inayouzuia mkanda usipande.

Mto wa kitandani, godoro la kitanda cha mtoto lililokunjwa, kanga zilizofungwa fundo, yote ni jibu hilo hilo.

Isiyo na mgongo nayo si ya miaka minne, hata ikiwa mpya na ina lebo. Ulaya busta za aina hiyo zilizoidhinishwa baada ya 2017 ni za mtoto wa kuanzia sentimita 125 na kilo 22. Wako ana 103. Ukimkalisha pale kwenye IST, mkanda wa bega utamkata shingoni kwa sababu hakuna kitu cha kuuelekeza, na akisinzia barabara ya Sengerema atalala ubavu akiwa nje ya mkanda kabisa.

Kwangu mimi jibu ni ile ya mgongo ya 15–36 kg, kama ikipita ukaguzi. Kilo zake zimeshaingia.

---

capripointi

Nakubaliana na fundi kwenye ubao na sponji. Kwenye hilo la mwisho sikubaliani naye.

Kuingia kwenye kilo za kiti kipya hakumaanishi amekwisha kwenye kile cha zamani. Lebo ya Ulaya inaruhusu busta kuanzia kilo 15 kwa kanuni ya zamani, R44, au sentimita 100 kwa kanuni mpya, R129. Huo ni mwanzo wa ruhusa tu. Marekani busta nyingi zinaanzia ratili 40, yaani kilo 18, na madaktari wa watoto wa huko wanashauri mtoto abaki kwenye mikanda mitano mpaka afike mwisho wa kiti chake kwa kilo au kwa urefu. Sababu ni ya kawaida kabisa: mikanda mitano inashika mabega mawili, nyonga mbili na katikati ya miguu, na mtoto hawezi kuikwepa. Kwenye busta mtoto ndiye anayetakiwa kukaa wima mwenyewe, dakika zote za safari. Wa miaka minne akiona mbuzi barabarani anageuka mwili mzima.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, mama, pima mambo matatu kwenye kiti ulichonacho. Mtoto akiwa amekaa, mgongo na makalio vimegusa nyuma:

Kwanza, mabega. Weka rula bapa juu ya bega, iende mpaka kwenye gamba la kiti. Kwa kiti kinachotazama mbele, mikanda inatakiwa itokee usawa wa bega au juu yake kidogo. Kama tundu la juu kabisa liko chini ya bega, kiti kimekwisha siku hiyo hiyo, hata kama kilo bado. Mkanda unaotokea chini ya bega gari likigonga unambana mtoto kwenda chini, uti wa mgongo ndio unaoumia.

Pili, masikio. Ncha ya juu ya sikio ikifika ukingo wa juu wa kiti, kimekwisha.

Tatu, kilo. 18 kwenye lebo ni 18 pamoja na nguo, sweta na viatu. Mpime alivyovaa siku ya shule, si alivyopimwa kliniki.

Mtoto wa umri huu anaongezeka takriban kilo mbili na sentimita sita kwa mwaka, kwa hiyo kama bado ana nafasi juu ya bega, inawezekana una miezi sita au zaidi.

---

mama_nyegezi

Asanteni. Nimepima jioni hii. Tundu la juu liko sentimita 2 juu ya bega. Sikio bado sana, kama vidole vinne kufika ukingo. Kwa nguo za shule, sweta na viatu ni kilo 17.2.

---

capripointi

Basi abaki. Una gramu 800, kwa hesabu ya kilo mbili kwa mwaka ni kama miezi mitano. Mpime kila mwezi, usingoje kliniki. Panda mzani wa nyumbani peke yako, kisha umpakate, toa.

Wakati huo huo hakikisha kiti kimekaa sawasawa, maana watu wengi wanakimbilia busta kwa sababu kiti cha mikanda mitano kinayumba. Kishike pale mkanda wa gari unapopita, kitikise kushoto na kulia. Kikisogea zaidi ya sentimita 2.5, fungua, weka goti ndani ya kiti ukikandamize kwa uzito wako wote, kisha vuta mkanda tena. Mikanda ya mtoto nayo: jaribu kuufinya ule wa begani kwa vidole viwili. Ukipata mkunjo, bado umelegea.

Na begi la shule livuliwe kabla hajakaa. Begi mgongoni linamsogeza mbele, mikanda inaonekana imekaza, kumbe imekaza begi.

---

fundi_siti_igoma

Kwa vipimo hivyo nakubali, abaki. Sikujua kama bega lina nafasi.

Lakini mama, ile ya mtumba usiiache ikaondoka kama ni nzima, maana miezi mitano si mingi na vizuri haviji kila siku. Ikague sasa, uiweke ndani mahali pa kivuli.

---

lebo_kwanza

Kwenye kukagua mtumba niingie mimi. Nenda mchana, si jioni, na omba kuvua kitambaa chote. Muuzaji akikataa kitambaa kisivuliwe, ondoka.

Anza na lebo. Ya chungwa yenye kilo, kama hiyo yako, ni kanuni ya R44. Tafuta duara lenye herufi E na namba: E1 ni Ujerumani, E4 Uholanzi, E11 Uingereza. Hiyo ni nchi iliyoidhinisha tu, haina maana ya ubora kupanda au kushuka. Karibu yake kuna namba ndefu, na tarakimu mbili za mwanzo ndizo za kusoma: 04 ni toleo la mwisho, 03 la kabla yake. Ikianza na 01 au 02, hicho ni kizee, rudisha. Ikiwa lebo imeandikwa R129 na sentimita, mfano 100–150, ni kanuni mpya iliyoanza 2013. Ulaya tangu Septemba 2024 viti vya R44 haviuzwi tena vipya madukani, lakini kilichopo na ni kizima kinaendelea kutumika. Usimruhusu muuzaji akutishe nalo, wala usilipie zaidi kwa sababu yake.

Kiti cha Marekani hakina E. Kina maandishi kwamba kinafuata viwango vya magari vya serikali ya huko, uzito kwa ratili, na mara nyingi tarehe ya mwisho ya matumizi imeandikwa kwenye lebo au kupigwa muhuri kwenye plastiki. Ratili gawa kwa 2.2 upate kilo.

Kiti kisicho na lebo yoyote usikinunue hata kikiwa kizuri namna gani. Huwezi kujua ni cha kilo ngapi, na huwezi kujua kama kimewahi kupimwa mahali popote.

Baada ya lebo, umri. Kipindue. Kwenye plastiki, upande wa chini au nyuma ya mgongo, kuna kiduara kidogo kama uso wa saa: namba 1 hadi 12 pembeni ni miezi, mshale unaonyesha mwezi, na tarakimu mbili za katikati ni mwaka. Mshale ukielekea 5 na katikati pana 17, plastiki imetoka kiwandani Mei 2017. Watengenezaji wengi wanatoa miaka kati ya 6 na 10. Kwa kiti ambacho kitakaa kwenye gari linaloegeshwa juani hapa kwetu, mimi naishika ile 6 kuliko ile 10. Jua linakausha plastiki ikawa inakatika badala ya kupinda.

Halafu gamba lenyewe. Piga tochi ya simu kwa pembeni, si moja kwa moja. Ufa wa plastiki mara nyingi hauonekani kama mstari mweusi, unaonekana kama mchirizi mweupe pale plastiki ilipokunjika. Angalia zaidi kwenye maungio ya mgongo na kikalio, kwenye mikono, na kwenye mashimo mkanda unapopita. Bonyeza mgongo kwa magoti mawili taratibu: ukisikia mlio mkavu wa "tik", kuna kitu kimeachia ndani. Kwenye eneo la kichwa, ndani ya kitambaa, mara nyingi kuna povu jeupe gumu, lile lile linalokuja ndani ya boksi la televisheni. Likiwa limepasuka au limebonyea upande mmoja, kiti huenda kimeshagonga. Gundi yoyote, skrubu isiyofanana na wenzake, waya wa kufungia: hapana.

Mwisho, kitambaa chenyewe na kishikizo cha mkanda. Kishikizo ni kile cha plastiki chini ya kichwa ambamo mkanda wa bega unapita, mara nyingi chekundu. Kikivunjika mdomo, busta hiyo imepoteza nusu ya kazi yake. Usikubali kuambiwa kitatengenezwa.

---

nesi_ilemela

Naongezea upande wa mwili, kwa sababu hapo ndipo watu wanapodharau.

Mtu mzima ana pembe mbili za mfupa mbele ya nyonga, ukijipapasa unazigusa. Mkanda wa nyonga unashikwa na zile. Mtoto wa miaka minne zake bado ndogo na ni za mviringo, mkanda unateleza juu yake kwa urahisi. Ukishapanda tumboni, unachokandamiza ni utumbo, ini, bandama na mbele ya uti wa mgongo. Majeraha ya namna hii nje yanaweza kuonekana kama mchubuko wa mstari tu chini ya kitovu. Mtoto aliyepata ajali na ana mstari huo apelekwe hospitali hata kama anacheza.

Jaribio la nyumbani: mfunge, kisha weka kiganja chako kwenye mkunjo wa paja na tumbo. Ukingo wa chini wa mkanda unatakiwa uguse mapaja. Ukiona tumbo limejitokeza chini ya mkanda, umekaa juu mno. Mpige picha ya ubavuni, utaona vizuri kuliko kwa macho ya juu.

Na la kumpakata niliseme hapa hapa. Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa likigonga ukuta, ni sawa na kitu kuanguka kutoka karibu mita 10, ghorofa ya tatu. Hakuna mikono inayomshika mtoto wa kilo 16 kwenye anguko hilo. Na mkanda mmoja ukizungushwa juu ya mama na mtoto, mtoto ndiye anayekuwa mto wa mama.

---

kirumba_baba3

Shukrani kwa elimu. Mimi nina Noah na watoto watatu, miaka 3, 5 na 8. Busta tatu zinakaa mstari mmoja? Na kuna vile vipembetatu vya kitambaa vya kubana mkanda usimkate mtoto shingoni, vinasaidia?

---

fundi_siti_igoma

Kaka, vipembetatu acha. Vinavuta mkanda wa bega chini, ndiyo, lakini kwa kuufunga kwenye ule wa nyonga, na wa nyonga unavutwa juu tumboni. Umesoma alichoandika nesi. Unatatua shingo kwa kuharibu tumbo.

Kuhusu upana, usikisie. Busta ya mgongo nyingi ni kati ya sentimita 44 na 48. Tatu ni zaidi ya sentimita 130, na bado unahitaji nafasi ya mkono kufikia kifungio. Pima siti kwa futi, kutoka ndani ya mlango hadi mlango, usawa wa kikalio. Kwenye Noah una safu mbili za nyuma, kwa hiyo usiwabane: wawili safu ya kati, mmoja ya nyuma, kila mmoja kwenye mkanda wa pointi tatu. Wa miaka 3 ndiye akae karibu nawe na abaki kwenye mikanda mitano.

Wa miaka 8 usimtoe kwenye busta kwa kuangalia umri. Mkalishe bila busta, uangalie: mgongo umegusa nyuma, magoti yanakunjika kwenye ukingo wa siti, mkanda wa chini uko mapajani, wa juu uko katikati ya bega, na anaweza kukaa hivyo safari nzima. Likikosekana moja, bado. Kwa kawaida mtoto anafikia hapo akiwa karibu sentimita 145.

---

kirumba_baba3

Na gari la shule, Hiace, mikanda yake ni ya nyonga tu. Naweza kumpa wa miaka 5 busta yake?

---

capripointi

Hapana. Busta na mkanda wa nyonga peke yake haviendi pamoja, popote pale. Ukimwinua mtoto na kumfunga kiunoni tu, unamwongezea urefu wa kichwa kutupwa mbele mpaka magotini au kwenye siti ya mbele. Kwenye gari la namna hiyo akae chini kwenye siti yenyewe, mkanda wa nyonga ukazwe chini kabisa mapajani, siti ya nyuma ya dereva au katikati ya gari, kamwe si mbele na si jirani na mlango wa kuteleza. Hiyo ni nafuu tu. Kinachofaa ni wazazi wa njia moja kukaa na mwenye gari, afungiwe mikanda ya pointi tatu na fundi anayechomelea kwenye chuma cha bodi, si kwenye bati la sakafu.

Ni sababu hiyo hiyo, mama_nyegezi, busta yako isikae katikati ya IST hata siku moja. Kulia au kushoto. Mimi nachagua kushoto, upande wa ukingo wa barabara, mtoto ashukie kwenye majani asishukie kwenye magari.

---

mama_nyegezi

Nimerudi. Busta ya mgongo nimeikagua mchana kama lebo_kwanza alivyoelekeza. E4, namba inaanza na 04, saa ya plastiki inaonyesha mshale kwenye 9 na mwaka 21. Hakuna mchirizi mweupe, povu la kichwani zima, kishikizo cha mkanda kizima. Kasoro ni kitambaa kimepauka na kifungio cha kamba ya kitambaa hakipo. Nimeinunua. Abaki kwenye mikanda mitano mpaka 18 au bega lifike tundu. Siku ya kumhamisha naifungaje, hatua kwa hatua? Nimejaribu kuiweka tu, kiegemeo cha kichwa cha gari kinaisukuma mbele, haigusi siti nyuma. Na safari moja nikivuta mkanda, unakaza wenyewe haurudi.

---

fundi_siti_igoma

Hongera. Hayo mawili uliyoyaona ndiyo yanayowasumbua wengi, kwa hiyo nianze nayo.

Kiegemeo: kipandishe mpaka juu kabisa, na kama bado kinasukuma, kichomoe. Bonyeza kitufe kidogo kwenye mguu mmoja huku ukivuta juu. Kihifadhi kwenye buti kimefungwa, kisizagae ndani. Mgongo wa busta ulale bapa kwenye mgongo wa siti. Ukibaki mwanya, kichwa cha mtoto kitapigwa nyuma mara mbili.

Mkanda unaokaza wenyewe: mikanda ya nyuma ya baadhi ya magari ya Japani, ukiivuta mpaka mwisho, rola inabadilika. Inaanza kujifunga kila inaporudi, utasikia "tik tik tik" za haraka, na haikubali kutoka tena. Hiyo imewekwa kwa ajili ya kukazia kiti cha mikanda mitano. Kwenye busta hatuitaki, itamkaza mtoto kidogo kidogo mpaka alie. Fungua, uache mkanda urudi wote ndani mpaka mwisho, itajirudisha kawaida. Kisha vuta kiasi unachohitaji tu.

Sasa kufunga. Siti kava kama ni ya ngozi inayoteleza, toa upande huo. Usiweke taulo wala zulia chini ya busta. Hakikisha kava halijameza kifungio. Shina lake lisimame lenyewe, mtoto asikie "klik". Kama busta ina ndoano mbili za chuma nyuma, ingiza vidole kati ya kikalio na mgongo wa siti ya gari utafute vyuma viwili vyembamba, kimoja na kingine vimeachana sentimita 28. Vikiwepo, na kitabu cha gari kikisema ni vya ISOFIX, yaani vya kushikizia viti vya watoto, shikiza. Visipokuwepo haina neno, mkanda ndio unaomshika mtoto. Kazi ya ndoano ni kuishikilia busta isiruke.

Mtoto akae, makalio nyuma kabisa. Pandisha kichwa cha busta mpaka kishikizo cha mkanda kiwe juu ya bega, vidole viwili tu. Pitisha mkanda wa bega kwenye kishikizo. Wa nyonga upite chini ya mikono yote miwili. Hapa ndipo watu wanakosea: upande wa kifungio, mkanda wa bega nao unapita chini ya mkono wa busta, pamoja na wa nyonga. Ukiupitisha juu ya mkono, unavuta wa nyonga juu. Funga, vuta wa bega kwenda juu kulegea kuishe mapajani. Sasa mwambie ainame mbele kisha arudi nyuma. Mkanda urudi naye. Ukibaki umelegea kifuani, unakwama kwenye kishikizo: shusha au pandisha kichwa cha busta kidogo mpaka utembee.

Usimruhusu kuuweka chini ya kwapa wala nyuma ya mgongo. Na akiwa hayupo, busta yenyewe ifungwe mkanda. Ni kilo kadhaa za plastiki zinazoruka kwenye breki.

---

lebo_kwanza

Kile kifungio cha kamba ya kitambaa, shona lastiki ya kawaida, haina madhara kwa sababu haishiki mtoto. Lakini usibadilishe kitambaa cha kichwani kwa kinene zaidi.

Kufua: kitambaa kwa mkono, maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande. Jiki isikaribie. Mikanda ya ile mikanda mitano usiiloweke kabisa, ifute kwa kitambaa chenye maji. Mkitoka ufukweni, kabla hajapanda mkung'ute mchanga, maana chembe chache ndani ya kifungio zinatosha kukifanya kisilie "klik" au kikubali nusu. Kikishaingia mchanga au juisi, kipindue, kimiminie maji ya vuguvugu kwa kikombe, ukibonyeza kitufe mara kwa mara, kikauke kivulini. Mafuta na grisi hapana, vinakusanya mchanga mwingine.

Na gari likiegeshwa juani, tandika kitenge juu ya kiti chote. Gusa chuma cha kifungio kwa mkono wako kabla hujamfunga.

---

capripointi

Moja la mwisho kwa safari zako za Kamanga, mama. Mkikaribia kuingia kwenye kivuko, mfungue mtoto, ashuke, avuke kwa miguu na abaki nje ya gari mpaka upande wa pili. Mkanda na busta ni vya barabarani. Juu ya maji asiwe amefungwa ndani ya gari hata dakika moja. Mkishatoka upande wa pili, simama pembeni, mkalishe upya na urudie kuvuta mkanda wa bega, kwa sababu kufunga kwa haraka huku magari ya nyuma yanapiga honi ndiko kunakopitisha mkanda juu ya mkono wa busta.